Bomba la Haneti

Generosa alianza kutengeneza tovuti ya idara ya maji Jumatatu asubuhi, baada ya chai na chapati mbili. Ilikuwa mwaka 2006, na wafadhili walikuwa wamechoka na makabrasha. Programu ya kutengenezea tovuti haikuwa na makuu: unaandika habari za kila kijiji kwenye faili lake, unatengeneza kiolezo kimoja cha vijiji vyote, unatoa amri, kurasa zinajengwa kwa mpigo. Zikishajengwa hazibadiliki mpaka uzijenge upya.

Bosi wake, Mzee Mazengo, alimpa picha ya bomba linalomwaga maji aiweke kwenye kiolezo, na chini yake maneno "Maji yapo".

"Kijijini kwetu Haneti hayapo, mzee. Pampu imekufa, huu mwaka wa nane. Mama yangu anafukua mchanga korongoni."

"Lisemwalo lipo, binti," alisema Mazengo akicheka. "Kama halipo, laja."

Generosa aliandika ukweli kwenye faili la Haneti, kiolezo kikaubandikia bomba juu. Alipotoa amri, zilitoka kurasa arobaini na moja, na ukurasa wa Haneti ukaanza kuvuja. Maji yalitoka kwenye kioo cha kompyuta, yana chumvi kidogo, kama ya Haneti yalivyokuwa zamani. Mazengo aliagiza beseni.

Kufika Alhamisi wanawake wa Haneti walikuwa wanakuja na basi la alfajiri, madumu mikononi, foleni hadi kwenye ngazi. Mama yake, Anyesi, alikuwa wa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungulia, mwanangu, basi halinisubiri."

Mgeni wa wafadhili alikuja, akayaona madumu yamejaa, akaandika. Wiki iliyofuata Haneti ilifutwa kwenye orodha ya pampu za kutengenezwa. Hasira zilimpanda Generosa. Akaiondoa picha, akajenga kurasa upya. Maji yalikatika. Orodha haikubadilika, maana ilikwisha kutiwa saini.

"Umetufungia?" aliuliza Anyesi.

Generosa aliona aibu, akairudisha picha.

Bwawa la umeme la Mtera lilipopungua maji ukaja mgao wa umeme, na kompyuta ikawa inazimika kutwa nzima. Generosa aliandika barua makao makuu kuomba pampu ya Haneti. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: someni tovuti yenu.

Alimsomea mama yake. Anyesi alisikiliza mpaka mwisho, akalisogeza dumu lake chini ya kioo cheusi, akakaa sakafuni kungoja umeme.