Maneno Ndani ya Picha za Saimi

Mume wangu Ilpo ana kichwa kigumu, na nalisema hili kwa mapenzi, maana mimi mwenyewe si mwepesi. Miaka thelathini alitunza kompyuta za taasisi moja ya misitu hapa Joensuu, na alipostaafu alirudi nyumbani na tabia zote za kazini. Jicho lake la kushoto lilikufa angali mtoto kwa presha ya macho. La kulia lilifuata miaka sita iliyopita. Watu wakadhani mambo ya kompyuta ndiyo basi tena. Wapi! Yeye huandika amri kwa kibodi, na majibu huinuka chini ya vidole vyake kwenye ubao mwembamba wa nukta nundu, mstari mmoja mmoja. Skrini hata hajaiwasha tangu wakati huo.

Kila faili hulifungua kwa programu moja ndogo ya kusomea maandishi, ambayo yeye huiita Msomaji. Ukimwacha alivyo, Msomaji ni mjinga: anajua maandishi matupu tu. Lakini ukimwandikia faili la maagizo, basi kabla ya kufungua kitu atatazama kwanza mkia wa jina lake, zile herufi za mwisho baada ya nukta, akipitishe kwa programu inayokifaa, ndipo akuonyeshe. PDF inageuka maandishi ya kawaida. Faili lililobanwa linatoa orodha ya vilivyomo. Wimbo unataja jina lake na mwimbaji. Ilpo analitunza faili hilo la maagizo kuliko anavyotunza nywele zake, na mgeni akija, kabla hajavua viatu ameshasimuliwa.

Picha tu ndizo alizozipa maagizo ya kibahili: upana, urefu, tarehe. Basi.

Mwezi wa Februari binti yetu wa pekee, Outi, akajifungua Saimi huko mjini Oulu. Picha zikaanza kushuka zenyewe kwenye kabrasha moja la kompyuta yetu, mbili kwa siku, tatu kwa siku. Mimi nilizitazama kwenye simu nikilia kama mjinga. Ilpo aliketi, akafungua ya kwanza kwa Msomaji, akapitisha kidole ubaoni.

"Elfu nne kwa elfu tatu," akasema. "Picha kubwa."

"Ilpo! Huyo ni mjukuu wako!"

"Nimesikia. Kahawa ipo?"

Nilitamani kummwagia hiyo kahawa. Nikianza kumsimulia picha, anainuka kwenda kuchochea moto wa sauna, bafu letu la mvuke, hata kama si siku ya sauna. Outi akipiga simu, anamsalimia, anauliza kama theluji imeyeyuka, kisha ananisukumia simu. Miezi mitatu hakulitaja jina la mtoto hata mara moja.

Mwezi wa Mei Outi akaniambia waziwazi habari za Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi. "Mama, Juhannus hatuji. Tutakwenda kwa wakwe zangu."

"Kwa nini tena? Kila mwaka mnakuja!"

"Baba hamtaki mwanangu. Simleti akae chumba kimoja na mtu asiyemwuliza hata hali. Mwaka huu hatuji, na mwakani pia msitungoje."

Nikakata simu nimechemka. Nilikuwa naona kabisa tunavyozeeka wawili peke yetu na mjukuu akikua kwa watu wengine, kisa mzee mmoja na vipimo vyake. Nikaenda moja kwa moja mezani kwake.

"Wewe si unajigamba Msomaji wako anafungua kila kitu?"

"Anafungua."

"Mwongo mkubwa. Picha hazifungui. Anazipima tu, utadhani fundi madirisha."

Nilijua pa kumchoma. Akageuka na kiti chake. "Picha haina maneno, Raili. Atayatoa wapi?"

"Nikiyatia mimi humo ndani?"

Akakuna kidevu. "Mahali papo. Kila faili la picha lina nafasi ya maelezo, watu hawaitumii tu. Naweza kumwagiza aisome hiyo badala ya vipimo. Sasa nani ataandika?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unayeitafuta herufi kama mtu aliyeangusha pini?"

"Mimi huyu huyu. Andika maagizo yako, acha maneno."

Alisitasita, nikamwona anasitasita, lakini kazi yenye kasoro Ilpo hawezi kuiacha. Kwa dakika kumi ameshamaliza. Kisha akaniwashia skrini, akanifundisha amri ya kutia maelezo, akirudia mara tisa bila kunitukana, jambo ambalo si dogo kwake. Niliandika picha ya kwanza: *Mtoto. Kitanda. Blanketi.*

Akasoma. "Hii nini, ripoti ya polisi?"

"Mimi nilikuwa mpishi wa shule, si mwandishi!"

"Basi andika kama unavyosema. Ukisema huwa hunyamazi."

Ebo! Haya, nikaandika ninavyosema. *Saimi amelala kifudifudi, matako juu, anatafuna sikio la sungura wa kitambaa. Kidevu kakichukua kwako, maskini ya Mungu. Usiponijibu hapa leo hakuna chakula.* Nikaenda jikoni kukunja kingo za piirakka, vile vimkate vyetu vya wali, masikio yako kule chumbani. Nikasikia kicheko kidogo, kile cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu jicho lake la pili lizimike. Nilijifuta machozi kwa mkono wa unga, nikawa kinyago.

Wiki tatu nikaandika kila asubuhi baada ya kahawa. Picha arobaini na moja. Ilpo alianza kuamka kabla yangu. "Leo hajaja?" ananiuliza, bila kutaja nani. Na ubishi nao haukukosa: "Jana ulisema nywele nyekundu, leo za kahawia. Amua." Nikamweleza masikio, vishimo vya mashavuni, unyayo, kinyesi cha ajabu kwenye koti la baba yake. Lakini simu ya Oulu bado hakuigusa, na Juhannus ilikuwa inakaribia.

Jumanne moja ikashuka picha nyingine, ya arobaini na mbili kwangu kuandika. Saimi kapakatwa na Outi kwenye korido nyeupe, na jicho lake la kushoto limefunikwa kikombe cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: *Mama, usimwambie Baba kwanza.*

Niliketi mbele ya ile kibodi nikashindwa. Kumdanganya sikuweza. Kuandika ukweli sikuweza pia. Nikaipita picha bila neno hata moja, nikajiambia kwamba Msomaji atanyamaza, na Ilpo atadhani picha imeharibika.

Haikupita nusu saa akaniita. Vidole vyake vilikuwa ubaoni, na ubao ulikuwa unarusha nukta ovyo ovyo.

"Takataka," akasema. "Kosa langu, nimesahau jambo la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Maagizo yakirudi mikono mitupu, Msomaji anadhani hakuna kilichofanyika, ananimwagia faili lenyewe likiwa bichi."

Nikaikamata hiyo haraka. "Basi rekebisha, nipike."

"Nitarekebisha. Lakini Raili, umeandika mpaka soksi iliyoanguka chini ya kochi. Hii imekushinda nini?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya kahawa mezani.

"Ni macho," akasema. Hakuuliza, alisema tu.

"La kushoto," nikamwambia. "Limefunikwa. Wako hospitali."

Akaondoa mikono ubaoni, akaiweka magotini. "Tangu alipozaliwa nilikuwa nalingoja hilo. Kila ukianza kunisimulia picha, nilikuwa nahesabu maneno mangapi yamebaki ufike machoni. Nilikuwa siwezi, Raili. Nikawa natoka."

Miaka arobaini na tatu nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, na miezi mitatu yote nilikuwa namwita jiwe. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikamshika bega, naye akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Aliibonyeza namba mwenyewe, akaiweka simu kwenye spika kama kawaida yake.

"Baba?" Outi alishtuka. "Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Mama yako mzima, yuko hapa ananisimamia. Jicho la Saimi likoje?"

"Mama kakwambia."

"Hakuniambia. Alikaa kimya, na wewe unamjua mama yako."

Outi akavuta pumzi. "Ni presha. Wanasema wameiwahi. Alhamisi wanamfanyia upasuaji, na daktari anasema ataona."

"Outi." Ilpo akaisogeza simu karibu na mdomo. "Hiyo imetoka kwangu. Nilidhani utanilaumu. Ndiyo maana nilishindwa hata kumtaja jina."

"Nikulaumu?" Sasa Outi alikuwa analia, tena kwa hasira, mwanangu kabisa. "Baba, nilidhani humtaki! Niko hapa na chupa ya matone, kila baada ya saa sita tunapigana kama paka, sijui nimshike vipi, na mtu pekee anayejua yuko Joensuu kanyamaza!"

"Unamshikaje?"

"Mume wangu anambana kichwa, mimi nadondosha."

"Acheni kumbana," Ilpo akasema haraka. "Mama yangu alinibana. Mpaka leo mtu akinigusa uso bila kusema, naruka. Mlaze mapajani, uso kwa uso. Vuta kope ya chini, ya juu iache. Na mwambie kabla, kila mara, kwa maneno yale yale. Hajui maneno, sawa, atayajua."

Hilo la mama yake nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Akanigeukia. "Treni ya Oulu ni saa ngapi?" Mtu ambaye tangu apofuke hajafika hata stesheni. Nikaenda kuitafuta ratiba huku miwani imejaa ukungu.

Nyuma yangu Outi alikuwa anasema wakati wa dawa umefika. Ilpo aliinamia simu, akamtajia maneno polepole, naye Outi akayarudia moja baada ya jingine kwa mtoto: "Saimi, linakuja tone. Ni la baridi. Ni moja tu, halafu basi."

Tukasikia kilio kifupi, kisha mtoto akanyamaza. Ilpo akauliza kama limeingia, na Outi akasema limeingia.