Maneno Ishirini ya Mshonaji

Saa tatu asubuhi, katika chumba namba nne, daktari wa kiwanda alimsomea mshonaji neno la kwanza kati ya ishirini. Mama huyu alikuwa ameshona sare miaka kumi na tisa, mpaka kiharusi kilipomfunga ulimi. Akifaulu mtihani, angerudi kazini. Akifeli, Jumatatu mwingine angepewa kiti chake.

"Mbuzi," daktari alisoma. "Eleza maana yake."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Mbuzi wa kahawia akamtoka kwenye sikio la kushoto, akajipukuta, akapiga chafya.

"Jibu kwa mdomo, mama."

"Si huyo hapo mbuzi, daktari?" binti yake aliyemsindikiza aliuliza. "Au unataka mpaka avae tai?"

"Fomu inasema kwa mdomo."

Mfuko wa koti la daktari ulikuwa umefumuka, kwa hiyo aliokota kalamu yake sakafuni kabla ya kuandika sifuri.

"Mvua" ilinyesha juu ya meza, na karani akasogeza mafaili bila kuinua macho. "Kesho" ilitoka ikinukia sabuni, ikilia kama saa ya kuamshia. Kwa "msimamizi" vilitoka viatu vyeusi visivyo na mtu, vikapita taratibu nyuma ya viti. Wote wakakaa wima, hata daktari. "Harusi" ilibidi ifunguliwe dirisha, maana matarumbeta yalikuwa marefu. Binti akacheza na bwana harusi. Mbuzi naye akacheza. Mshonaji akacheka mpaka machozi, na sifuri zikaendelea kushuka ukurasa mzima.

"La mwisho," daktari alisema kwa sauti kubwa, maana walikuwa hawasikilizani. "Kazi."

Hili lilichukua muda. Ilitoka sindano, ukafuata uzi, kisha cherehani nzima pamoja na kiti chenye mto wa vitambaa vya mabaki. Mshonaji akaketi, akaunyooshea kidole ule mfuko uliofumuka. Daktari akavua koti, akampa. Baada ya dakika mbili akarudishiwa.

"Mkono wako hauna mpinzani, mama," alisema, akiupapasa mfuko. Kisha akajumlisha, akaandika: Haelewi maneno.

Mbuzi akaila fomu.

"We mbuzi, una akili kuliko wenye mihuri," binti alisema.

Karani akachapa nyingine. Daktari akachomoa kalamu kwenye mfuko, akatia sahihi.