Fungu la Dawa

Kidole cha muuguzi kilishuka taratibu kwenye karatasi ya matumizi ya nyumba, kikapita umeme, kikapita maji, gesi, sabuni na malipo ya fundi aliyeziba paa, kikafika kwenye dawa na hapo kikasimama. Hakikuwa kidole cha ugomvi. Kilikuwa kidole safi cha mtu aliyezoea kusoma vipimo vya wagonjwa, na kilitulia pale kama kinavyotulia juu ya tumbo, mahali mgonjwa aliposema panauma.

"Dada," akasema, "hizi dawa za miguu ya mama ni dawa gani?"

Benki alikuwa amesimama katikati ya sebule na sahani ya biskuti mkononi. Alimkaribia kaka yao mkubwa, akampa biskuti ambayo hakuiomba, akaiweka sahani mezani.

Benki si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa jina hilo na kaka yake enzi za ukarani wa fedha katika duka la vifaa vya ujenzi, ambako kwa miaka kumi na mmoja droo yake haikuwahi kupungua hata sarafu. Mabosi walibadilika, wenye mikono mirefu walifukuzwa, mmoja alifungwa, yeye akabaki na funguo zake. Baba yao alipofariki na miguu ya mama ilipoanza kuvimba, ndugu walikaa kikao, wakatazamana, na wote kwa pamoja wakagundua kwamba ni yeye asiye na mume wala watoto. Kazi za wenzake zilikuwa kazi. Yake ilionekana kitu cha kuacha tu. Akaiacha. Akarudi nyumbani na cherehani, akawa anashona mapazia na sare za shule kwenye baraza ya nyuma huku akimtunza mama na kuisimamia nyumba. Kila mwezi ndugu walimtumia michango yao, na kila mwisho wa mwaka walikusanyika sebuleni wasomewe nyumba imekula nini, ili wajue mwaka unaofuata wachange kiasi gani.

Siku hiyo aliipenda sana, na hakuna haja ya kumfichia. Wenzake walikuwa na vyeo, magari na watoto wa kujivunia. Yeye alikuwa na hesabu zinazofunga. Alivaa gauni lake la bluu, akanunua biskuti za kopo, akasoma mapato na matumizi kwa sauti ya mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Kaka akimaliza kusikiliza alimtania kila mwaka, "Huyu akikabidhiwa hazina ya nchi, mawaziri watakonda," na Benki alijifanya hakusikia, ingawa utani huo alikuwa ameusubiri tangu alfajiri.

"Kuna ya kupaka na za kumeza," akamjibu muuguzi.

"Zote nazijua. Hata ukinunua zile za bei ya kuua, mwaka mzima hazifiki nusu ya hii." Muuguzi alikuwa mdogo wake, na alisema kwa upole. "Labda umekosea kuandika?"

"Sijakosea."

Hapo ndipo alipojimaliza. Angekubali kwamba sifuri imezidi, pengine yangeishia kwenye kicheko. Lakini mtu ambaye droo yake haikuwahi kupungua hawezi kukubali amekosea hesabu, hata kama hesabu yenyewe ni ya kubuni.

Ukweli ulikuwa umekaa kwenye kochi la pembeni, umevaa shati lililonyooshwa, unatafuna biskuti. Kitinda mimba wa nyumba ile alikuwa na miaka thelathini na minne na bado aliitwa Mtoto. Miaka miwili nyuma, baada ya kulifilisi duka la vipuri alilofunguliwa na kaka yake, kaka aliapa mbele ya wote kwamba mtu asimpe tena hata senti, na kwamba siku akisikia kapewa, mchango wake katika nyumba hii umekwisha. Mchango wa kaka ndio ulioilisha nyumba. Ya wengine ilikuwa ya kuongezea chumvi. Mama alitikisa kichwa kukubali. Mwezi uliofuata alimwita Benki chumbani kwake na kumwambia arudishie mlango.

"Mdogo wako maji yamemfika shingoni," mama alisema. "Mwenye nyumba anataka kumtolea vyombo nje. Kaka yako akijua tumekwisha. Sasa tufanye nini, mwanangu?"

Kuulizwa ndiko kulikomteka. Tangu utotoni, mama yake alikuwa mtu wa kumwambia leta, peleka, harakisha. Mtoto ndiye aliyepakatwa, muuguzi ndiye aliyesifiwa mbele ya wageni, kaka ndiye aliyeogopwa. Yeye alikuwa wa kutumwa. Sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mama amemshika mkono, wanakula njama kama wasichana wa shule. "Hela zake tuziweke kwenye dawa," mama alisema. "Nani atahoji dawa za mgonjwa?" Wakacheka wote wawili, kicheko cha kujiziba mdomo, na Benki alitoka chumbani mle na furaha ambayo duka la vifaa vya ujenzi halikuwahi kumpa, hata siku alipokabidhiwa cheti cha mfanyakazi bora.

Na kwa kuwa fungu la dawa lilikwenda karibu lote kwa Mtoto, dawa yenyewe ilibidi itoke kwingine. Ilitoka kwenye cherehani. Usiku wa kuamkia kufungua shule, Benki alishona mpaka shingo ikakakamaa, na asubuhi akaenda kununua vidonge na chupa ya dawa ya kuchua. Mama alilijua hilo. Alimwambia, "Mungu atakulipa," na Benki hakuwa na haraka ya kulipwa, maana aliona amekwisha kulipwa.

"Tusisumbuane," kaka akasema. Alikuwa mkuu wa idara katika kampuni ya bima, na hata nyumbani aligonga kalamu mezani kabla ya kutamka jambo. "Mgonjwa mwenyewe si huyu hapa? Mama, hizi dawa unazipata?"

Benki alishusha pumzi. Neno moja lingetosha: nazipata. Wala lisingekuwa uongo mkubwa, kwani sebule nzima ilikuwa inanuka dawa ya kuchua aliyompaka asubuhi ile kwa mikono yake. Alikaribia hata kutabasamu, kwa vile alijua sasa mama yake atamkingia kifua, na alitaka kuona atakavyofanya.

Mama aliitazama kalamu ya mwanawe wa kwanza. Akamtazama Mtoto, mara moja tu, kama anayehakikisha kwamba dirisha limefungwa. Kwa Benki hakutazama.

"Mimi huwa naletewa kichupa kimoja kimoja," akasema. "Hizo nyingine sijui. Mambo ya hela mimi sishiki, anashika yeye."

Benki aliyasikia maneno hayo yote, na bado akangoja yaliyobaki, kwa sababu aliamini kuna yaliyobaki. Mama akavuta mtandio wake, akauweka sawa begani.

"Mtoto," Benki akaita. Sauti yake ilitoka ya kawaida, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Na wewe huna la kusema?"

Mtoto akapangusa makombo gotini. "Dada, kwenye mahesabu mimi nachangia nini? Si mnanijua." Akatabasamu, lile tabasamu lililomwokoa na fimbo tangu akiwa na miaka mitatu, na kaka, ambaye hakuwa amepanga kucheka, akajikuta amecheka kidogo.

Angeweza kusema. Sentensi moja ilitosha kuwavua nguo wote wawili pale pale, na ushahidi asingeukosa. Lakini akiisema, kaka angetimiza kiapo chake, mchango ungekatika, na wa kwanza kulala na njaa angekuwa mama huyu mwenye miguu iliyovimba. Mama alilijua hilo. Benki alimtazama alivyokaa, mikono imetulia mapajani, akaelewa kwamba maneno yale hayakumponyoka kwa kubabaika. Mama alikuwa amepiga hesabu, tena upesi kuliko yeye.

"Basi, yaishe," kaka akasema. "Benki, sisi ni ndugu. Kama ulikuwa na shida zako ungesema tu, tungekusaidia. Hapa hakuna aliyekukasirikia."

"Kabisa," akadakia muuguzi, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Dada, wewe pia ni binadamu. Umekaa hapa miaka yote hii bila mshahara. Ukijikatia kidogo, nani wa kukulaumu?"

Wangemwita mwizi angepata pa kuanzia kukana. Msamaha ule hakujua aushike wapi. Alisimama katika gauni lake la bluu, masikio yanamwaka moto, akawasikia wakipanga mambo kwa sauti za chini kana kwamba kuna msiba: kuanzia mwezi ujao michango itakwenda kwa muuguzi, yeye atakuwa ananunua mahitaji na kuyaleta, Benki aendelee tu kumwangalia mama. Alisema ndiyo, na sawa, na hakuna shida. Kaka akampigapiga begani, akaangalia saa, akasema barabara zitajaa. Mwaka ule mawaziri hawakutajwa.

Mtoto alibaki nyuma ya wenzake akijifanya anatafuta simu kwenye kochi. "Dada, wewe una moyo," akamnong'oneza mlangoni. "Hili sitalisahau mpaka naingia kaburini." Alikuwa ananukia manukato mapya. Benki akamfungulia geti, akalifunga nyuma yake, akaenda kuosha glasi. Alizisugua mpaka moja ikapasuka mkononi, na alipoona damu alikaribia kushukuru, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kulilia.

Jioni mama aliita. Benki akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuchua kama siku zote, kwenye kifundo kwanza, kisha kupanda kwenye muundi. Kidonda cha glasi kilimwasha kwa dawa.

"Umenikasirikia," mama akasema.

Benki aliendelea kuchua.

"Usinikasirikie, mwanangu. Ulitaka nifanyeje? Kaka yako ningemwambia tulimzunguka, angetukatia. Mdogo wako ningemwaibisha mbele ya wenzake, asingetia tena mguu hapa, namjua, ana kiburi cha baba yake. Yule muuguzi naye ana mambo yake, mara moja kwa mwezi tu kumwona ni bahati. Sasa alibaki nani?" Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. "Wewe hata nikikuumiza, kesho asubuhi utaniletea chai."

Mikono ya Benki haikusimama, ilikuwa imezoea. Ndani yake ndiko kulikosimama kila kitu. Alitafuta uongo katika maneno yale akakosa, na hilo lilimuuma kuliko mengine yote ya siku ile. Aliumia kama ambavyo hakuumia hata siku ya kumzika baba. Kumbe mlango uliporudishiwa, mkono uliposhikwa, kicheko kilipozibwa, mama hakuwa amemchagua ampende. Alikuwa amechagua mtu wa kumtoa kafara siku ikifika, na alichagua vizuri.

"Halafu kuna jambo," mama akaendelea, sauti imepungua, mkono wake ukitafuta bega la Benki. "Huyu muuguzi akishaanza kununua vitu mwenyewe, Mtoto tutampitishia wapi? Hebu fikiria, wewe ndiye mwenye akili ya hela."

"Sijui, mama."

"Utapata tu njia. Lala kwanza." Mama akageukia ukutani, akavuta shuka, na haikuchukua muda akawa anapumua kwa utulivu wa mtu ambaye mambo yake yamekaa sawa.

Asubuhi Benki aliamka saa yake ile ile. Akawasha jiko, akateleka maji, akatoa kikombe cha mama chenye mshikio mpana, kile ambacho vidole vyake vilikimudu, akakiweka kwenye sinia pamoja na sukari na kijiko. Majani aliyatia. Kisha akavuta kiti cha jikoni, akaketi.

Maji yalichemka, mfuniko ukaanza kurukaruka. Chumbani mama alikohoa, kikohozi cha mtu aliyekwisha kuamka na anayetaka ijulikane. Kisha akaita, bila wasiwasi wowote, na Benki alimsikia vizuri sana. Akanyoosha mkono, akazima jiko, akaendelea kukaa.