Sitaha ya Manowari ya Bwana Gharib

Ubao uliolazwa juu ya mawe barazani kwa Bwana Gharib, mtaa wa Langoni, ulitoka kwenye kihori cha kulishia punda huko Kililana. Hilo walilijua watu wawili tu: Bwana Gharib mwenyewe, aliyeubeba, na mkewe Bi Khairiya, aliyemkataza kuubeba. Watu wengine wote walijua kwamba ulitoka kwenye sitaha ya manowari ya Waingereza.

Uongo huo ulizaliwa miaka thelathini nyuma, adhuhuri moja ya joto, wenzake walipomuuliza ameupata wapi ubao mzito namna ile. Ulimi ukamtangulia. Tangu siku hiyo, kwa heshima ya manowari, yeye ndiye aliyekaa mwisho wa ubao, pale unapopita upepo wa kichochoroni, na wageni wa mtaa wakaletwa kumsikiliza.

Mwaka huu Mwalimu Hadil, msimamizi wa maktaba ya shule ya wasichana, alimwomba amtengenezee manowari ndogo ya kuweka kwenye kabati la kioo. "Maana mjuzi wa manowari ndiwe," alisema. Mtu aliyekalia manowari miaka thelathini atakataaje? Bwana Gharib akachonga miezi mitano. Mizinga aliifanya kwa misumari, na mnyororo wa nanga kwa mkufu wa dhahabu wa Bi Khairiya uliokatika, ambao mwenye mkufu aliutafuta nyumba nzima hadi chini ya mitungi. Ikabaki sitaha.

Akapanga makopo matatu ya rangi barazani, mbele ya wazee wenzake. La kwanza hudhurungi ya halua, la pili manjano ya samli, la tatu kijivu cheupe kama kuti lililokaushwa na jua. Akachovya brashi kwenye halua.

"Hapo umeharibu," alisema Bwana Badawi.

Bwana Badawi alikuwa amepaka meli rangi bandarini Mombasa miaka thelathini na miwili, na mtaa mzima hakukuwa na wa kumshinda kwa kujua rangi, wala kwa kukera watu.

"Nimeharibu nini?"

"Hiyo ni rangi ya jahazi. Sisi mbao zetu twazipaka mafuta ya papa mpaka ziwe nyeusi. Manowari haipakwi kitu. Mabaharia walipiga magoti kila asubuhi wakaisugua sitaha kwa mchanga na maji ya chumvi, na jua likamaliza kazi." Akaligonga kopo la tatu. "Ni hii. Tena chombo kidogo ni kama chombo kikubwa kilicho mbali, na mbali rangi hufifia. Fumbua mato, Gharib!"

Bwana Gharib akacheka, akaupiga ubao kofi. "Wewe umesoma makopo, mimi nimekalia ushahidi. Sitaha yenyewe ni hii. Ina rangi gani?"

Kweli, ubao uling'aa kama halua ya sikukuu.

"Hiyo si rangi ya Mwingereza," alisema Badawi. "Hiyo ni rangi ya makalio yetu. Miaka thelathini ya makalio, kahawa na mafuta ya nazi. Ugeuzeni! Chini hakujakaliwa na mtu."

Wazee wakashangilia. Bwana Mukhtar, muuza vikoi, akasimama kama kadhi. "Ukiwa halua, Gharib abaki mahali pake. Ukiwa mweupe, mahali pa upepo ni pa Badawi."

"Kamari ni haramu," alisema Gharib upesi.

"Si kamari. Ni mapatano."

Jasho likamshuka Bwana Gharib mpaka kiunoni. Rangi haikumtisha. Kilichomtisha ni ukingo wa chini, kwa sababu yule punda wa Kililana alikuwa na tabia ya kuuguguna kila chakula kilipochelewa.

"Ubao ni mzito, na Mukhtar ana mgongo."

"Leo mgongo wangu ni mzima."

"Alasiri yaadhiniwa sasa hivi."

"Bado nusu saa!" ilishuka sauti ya Bi Khairiya kutoka dirisha la juu. "Geuzeni, waume, nawatilia maji ya kunywa!"

Wakaugeuza. Upande wa chini ulikuwa kijivu cheupe, kopo la tatu hasa. Kabla Badawi hajapata nafasi ya kujisifu, Mukhtar akainama. "Na alama hizi za ukingoni?"

"Risasi," alisema Bwana Gharib. Ulimi ulikuwa umemtangulia tena.

"Subhanallah!" wakasema wazee, na mmoja akazigusa kwa adabu.

Badawi naye akainama. Akapitisha kidole kwenye alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote pana na bapa, zimepangana safu ya juu na safu ya chini. Alikulia nyumba ya punda saba. Akainua macho kwa Gharib.

"Risasi," alisema. "Naona zilikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka, ila mtu mmoja dirishani. Bwana Gharib alijua kwamba neno moja tu likiongezwa, kabla ya magharibi litakuwa limevuka maji hadi Mokowe, ng'ambo. Ubao uliporudishwa, akauchukua mto wake wa kukalia, akausogeza katikati. "Mapatano ni mapatano. Karibu mahali pako, Bwana Badawi."

Badawi akaketi, akafumba macho, akauonja upepo. "Na sitaha?"

"Kopo la tatu."

Alhamisi Mwalimu Hadil alikuja kuichukua manowari. Akaisifu sitaha, akasema kweli inaonekana imepigwa na jua la bahari. Kisha akauliza habari za ubao. Bwana Gharib akafungua kinywa, lakini Badawi alikuwa ameshaanza, kwa kuwa mahali pa heshima bila manowari ni ubao tu.

"Keti, mwalimu. Risasi zilikuwa kumi na saba. Nahodha alikuwa na jicho moja, na mpishi alijitupa majini na sufuria yake. Sivyo, Gharib?"

Nahodha wa jicho moja! Bwana Gharib hajapata kusikia uongo uliochongwa vibaya namna ile, na yeye amekaa katikati, mahali pasipo upepo.

"Ndivyo," alisema. "Jicho la kulia."

"Mwalimu!" aliita Bi Khairiya kutoka juu. "Huo mnyororo wa nanga ni mkufu wangu. Nao ulipatwa na risasi. Nauomba kabla hamjaufungia kwenye kioo!"