Udongo Haukuvuka Ziwa

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke hamwoni baba mkwe. Hali naye, haketi naye, hapishani naye njiani. Akimsikia anakuja anaingia migombani na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Jina lake halitamki, na sauti yake haiinui mahali ambapo mzee anaweza kuisikia. Wengi wa rika langu wameachana na hayo, na mchungaji wetu hapa Makwale alishasema mimbarini kwamba si lazima. Lakini nyumba niliyoolewa iliyashika, na aliyeyashika zaidi ya wote ni mtu msomi kuliko wote niliowahi kuwafahamu. Baba mkwe wangu, Mwalimu Ambilikile, alisomea fasihi ya Kijerumani huko Leipzig, akaifundisha chuo kikuu mpaka akastaafu, na mimi bado nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba yake kama mwizi wa kuku. Jina lake ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika, na mkono umesita.

Mimi naitwa Tuntufye. Ninafundisha kemia chuoni Mbeya, ile ya madini na chumvi na mawe, na subira sina. Muulizeni mume wangu Wilson. Mzee alipozidiwa, Wilson alikuwa kazini Songea, hivyo nikachukua likizo mimi. Nilipika, nikaanika kakao, nikateka maji, ili mama mkwe abaki chumbani na mgonjwa. Miguu ya mzee ilikuwa imekwisha na macho yalishamwacha, lakini akili ilikuwa nzima, na akili hiyo ilikuwa na kitabu kimoja ambacho haikutaka kufa kabla ya kukimaliza.

Kitabu chenyewe kilihusu swali moja. Wakisi wa ufukweni, hawa wa Matema na Ikombe ambao vyungu vyao tunapikia sote, ufinyanzi wao ulitoka wapi? Swali lilimshika akiwa kijana Leipzig. Siku moja ya theluji, katika maktaba, alikuta kitabu cha hadithi kilichoandikwa na mke wa mmisionari wa zamani aliyewahi kuishi Matema. Alifungua, akaona milima ya kwao, ziwa la kwao, mvua ya kwao, vyote vimeandikwa kwa Kijerumani. Mama mkwe aliniambia kwamba alilia palepale mezani. Katika hadithi mojawapo, mwanamke mfinyanzi anavuka ziwa kutoka ng'ambo ya magharibi akiwa na bonge la udongo wa kwa mama yake, na kila chungu anachofinyanga ugenini anakichanganyia udongo huo kidogo.

Mtu mwingine angeisoma, akajifuta machozi, akarudisha kitabu rafuni. Mzee aliamini kwamba chini ya hadithi hiyo kuna historia. Alijifunza tena upya, safari hii historia ya lugha: akakusanya maneno ya ufinyanzi ya Kikisi, ya Kinyakyusa na ya lugha za ng'ambo, akayafuatilia kizazi kwa kizazi, maana maneno nayo yana ukoo na wazazi. Mengi yalielekea ng'ambo. Fasihi ilisema wamevuka, lugha ikasema huenda wamevuka. Kilichobaki ni udongo.

Ndipo nilipoingia mimi. Mwaka mmoja kabla, mama mkwe alinijia jikoni na kikapu cha vigae vilivyochimbwa Ikombe, vya tabaka la juu vimefungwa mbali na vya chini kabisa, vya kale zaidi.

"Baba yako anauliza," akasema, "kama udongo unaweza kusema ulikotoka."

Nikamjibu kwamba unaweza. Mto ukishusha udongo kutoka mlimani, unashusha na mawe ya mlima huo. Ukisaga kigae kikawa unga na kuupima kwenye mashine, utakuta chuma kiasi gani, titani kiasi gani, zirkoni kiasi gani, na hapo utajua ni mtoto wa mlima upi. Mama mkwe alikwenda kumfikishia hayo yote bila kupoteza neno. Nilimsikia mzee akicheka kwa furaha upande wa pili wa ukuta.

Ukuta huo ndio ulikuwa ofisi yetu. Chumba chake na jiko vilipakana, na ukuta wa matofali uliishia chini ya kenchi, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia. Asubuhi niliketi na kompyuta yangu mapajani. Mzee alimwambia mkewe, "Mwambie aandike." Alitamka sentensi. Nilikuwa nimeshaisikia, lakini nilingoja mama mkwe atoke, aje mlangoni kwangu, airudie, ndipo niiandike. Nikiwa na swali, nilimnong'oneza yeye, naye akarudi nalo ndani. Mama huyu, ambaye maisha yake yote ni mpunga na kakao, alibeba irabu na titani kutoka chumba kimoja hadi kingine na hakulalamika hata siku moja. Mimi nililalamika kwa niaba yake, moyoni.

Majibu yalikuja nikiwa bado kwenye likizo. Ambwene, mwenzangu wa maabara, alinitumia takwimu kwa simu. Nilizisoma, nikamwomba apime upya. Akapima upya. Hapakuwa na shaka yoyote. Vigae vyote, vya juu na vya chini kabisa, vilikuwa udongo wa hapa hapa, chini ya milima yetu. Udongo wa ng'ambo, tuliouchukua Karonga kwa ajili ya kulinganisha, haukufanana na hata kimoja. Hapakuwa na bonge lililovuka.

Nilimweleza mama mkwe, ambaye mimi humwita Juba, yaani mama, jikoni, akimenya ndizi. Aliacha kisu.

"Yaani?"

"Yaani vyungu havina udongo wa ng'ambo, Juba. Hata vile vya kale. Kile alichokijenga juu ya ile hadithi hakisimami."

Alinawa mikono, akajifuta, akaingia chumbani. Nilisikia kitanda kikilia akiketi.

"Mkweo amepata majibu," akamwambia mumewe. "Anasema udongo umekubali. Umetoka ng'ambo, kama ulivyosema."

Nilisimama na mwiko mkononi, ndizi zikiungua. Upande wa pili mzee akaanza kusema "ndaga, ndaga", polepole, kama mtu anayeshukuru mezani. Sijui alikuwa akimshukuru Mungu au mimi.

Mama aliporudi nilimvuta mpaka uani. Nilikuwa nimekasirika na sikuficha.

"Mbona umemwambia hivyo?"

"Mwache," akasema. "Siku zake ni za kuhesabu. Mwache aende nalo."

"Hataenda nalo peke yake. Litachapishwa. Chuo kinangoja kitabu. Kesho kutwa mwanafunzi yeyote atapima vigae vile, na watamcheka akiwa kaburini."

"Akiwa kaburini hatasikia," akanijibu, akarudi kwenye ndizi zake.

Usiku ule nililala na hasira, na nilipoamka ilikuwa imegeuka huzuni. Nilimpenda mzee yule ambaye sikuwahi kumwona uso. Nilimpenda kupitia ukutani, kwa namna alivyotaka neno liwe sahihi, kwa namna alivyomrudisha mama mara tatu kwa sababu ya mkato mmoja. Mtu kama huyo kumzika na uongo niliona ni kumzika vibaya. Na yule mama nilimpenda pia, na niliona wazi kwamba siwezi kuwatendea wote wawili wema kwa wakati mmoja.

Asubuhi mzee akaanza.

"Mwambie aandike. Sura ya mwisho. Uchunguzi wa kikemia uliofanywa na mkwe wangu, Tuntufye, umethibitisha kwamba udongo wa vyungu vya kale ulivuka ziwa."

Jina langu alikuwa hajawahi kulitamka. Mama mkwe akatoka, akasimama mlangoni kwangu, akarudia sentensi ile neno kwa neno, na macho yake yakiniomba. Sikugusa kompyuta. Akarudia tena.

"Ameandika?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Anaandika," mama akasema.

"Siandiki," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Nilisikia sauti yangu ikipita juu ya ukuta, na nikajua nimefanya jambo ambalo mama yangu mzazi angelia kulisikia. Lakini maji nilishayavulia nguo, ikabidi niyaoge.

"Tata, unisamehe. Udongo haukuvuka. Vigae vyote ni vya hapa. Jana uliambiwa sivyo."

Mama mkwe alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilingoja mzee akohoe, afukuze mtu, amwite Wilson aje achukue mke wake. Mwishowe alisema, na hakusema na mkewe.

"Na vya chini kabisa?"

"Hata vya chini kabisa, Tata."

"Udongo wa ng'ambo mliulinganisha?"

"Tuliulinganisha. Haufanani."

"Mlirudia?"

"Tulirudia."

"Basi," akasema. Kisha akamwita mkewe kwa jina, Anyosisye, jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi mbele ya watu. "Kwa nini ulinidanganya?"

Mama alikuwa bado kajishikilia pale mlangoni kwangu. Alijibu bila kuingia, akiutazama ukuta, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama chumvi imetosha.

"Ulipokuwa huko unasoma hadithi za Matema, mimi nilikuwa hapa na watoto watatu. Surua ilipita. Nilizika wawili mwaka ule, nikabaki na Wilson mgongoni. Nilikutumia habari, ukajibu kwamba huwezi kuja kwa sababu umepata jambo kubwa maktabani. Niliweka moyoni nikasema, sawa, ni jambo kubwa. Miaka yote hii nimesema ni jambo kubwa. Sasa uniambie lilikuwa bonge la udongo ambalo halikuwepo? Mimi sikutaka kusikia hivyo, baba Wilson. Sikukudanganya wewe peke yako."

Alipomaliza alikwenda shambani. Ilikuwa bado asubuhi lakini hakurudi mpaka jua limeshuka, na mimi sikujua la kufanya. Nilipika uji, nikauweka kwenye kizingiti cha chumba cha mzee, mahali ambapo mkono wake ungeufikia kutoka kitandani, nikagonga mlango, nikageuka. Sikumwona, wala yeye hangeweza kuniona. Nilisikia kijiko. Baadaye nilisikia analia, na hiyo si sauti ya kumsimulia mtu. Nilikaa upande wangu wa ukuta nikalia na mimi, maana ukweli nilioupigania asubuhi ulikuwa umewaangukia watu ambao hawakuwa na nguvu za kuubeba.

Mama mkwe hakunisemesha jioni ile. Alinipa sahani yangu, akala yake akiwa amenigeuzia mgongo. Sikumlaumu. Nilifungasha nguo zangu nikijiambia kwamba kesho nitarudi Mbeya kabla sijafukuzwa.

Kulipokucha nilikuwa nikifunga kamba ya begi mzee alipoita.

"Mwanangu, upo?"

Nilitazama mlangoni nikidhani anaongea na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa mle mle chumbani na mumewe. Nilimsikia akikung'uta shuka.

"Nipo, Tata."

"Umeamkaje?"

"Salama, Tata. Mugonile."

"Ndaga. Leta kompyuta yako. Tusimchoshe mama yako leo, utaandika ninavyosema."

Niliketi mahali pangu. Nikaifungua kompyuta mapajani.

"Tuanze upya sura ya mwisho. Andika: Nilikosea." Alinyamaza mpaka aliposikia vidole vyangu vimekoma. "Hadithi ile ilikuwa hadithi. Mwanamke mmoja Mjerumani, aliyekuwa mbali na kwao, aliandika juu ya mwanamke mwingine aliyebeba udongo wa kwao, nami nikiwa mbali na kwetu nikaichukua kuwa ushahidi. Maneno yanaelekea ng'ambo. Udongo haukuvuka. Jinsi maneno yalivyovuka yakauacha udongo, mimi sijui, na atakayekuja baada yangu aanzie hapo."

Aliongea kwa muda mrefu, akapumzika, akaendelea. Sentensi zilikuwa sahihi kuliko zote alizowahi kunitamkia, na hakunirudisha hata kwenye mkato mmoja. Jua liliingia jikoni. Kuku waliingia wakatoka. Nilisahau begi langu.

"Sasa rudi ukurasa wa kwanza kabisa," akasema, na sauti ilikuwa imekwisha, ikabidi nisogee ukutani. "Ule uliokuwa mtupu. Andika: Kitabu hiki ni cha wanangu wawili, waliokufa nikiwa mbali ninakitafuta. Halafu majina. Noah na Asifiwe."

Niliandika. Upande ule shuka liliacha kukung'utwa.

"Asifiwe ndiye aliyetangulia," mama mkwe akasema.

Nilimsikia mzee akivuta pumzi, na tena, kana kwamba anatafuta mahali pa kuiweka.

"Futa," akaniambia. "Andika kama anavyosema mama yako."