Mplamu wa Adriano

Jumanne, saa nne asubuhi, Anifa, bibi shamba wa kata, alifika Kigwa kutambua mti mmoja. Baraza la kijiji ndilo lililomwita. Xavery alidai ni mtundwa, mti wa porini usiopandwa na mtu, kwa hiyo shamba lilikuwa pori la ukoo na mrithi ni yeye. Consolatha, mjane wa mdogo wake, alisema ni mplamu, na aliyeupanda ni marehemu mumewe, Adriano.

Anifa alivuta tawi. Halikuwa na miiba kama la mtundwa. Jani lilikuwa na meno madogo madogo ukingoni. Jani la mtundwa halina meno. Tunda lilikuwa na ungaunga mweupe uliofutika kwa kidole, na mfuo mmoja kama mshono toka kwenye kikonyo hadi chini. Alilipasua: kokwa moja, bapa. Akaonja, maana kazi inataka hivyo.

"Mplamu," alisema, lakini sauti ilikuwa ya Adriano. "Kokwa niliitoa Lushoto nilikokuwa kibarua. Niliipanda binti yetu Yustina alipozaliwa. Shamba hili nililifyeka na Consolatha."

Mwenyekiti, mzee Shigela, alivua kofia. "Karibu, Adriano. Pole na safari."

"Ahsante. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karatasi unayo?"

"Sina. Tulipima kwa hatua."

Mwenyekiti aliandika kwamba mti ni mplamu, kwamba aliyeupanda amethibitisha mwenyewe, na kwamba marehemu hapokelewi kuwa shahidi. Shamba likabaki kwa Xavery. Consolatha akapewa hadi Jumapili awe amehama.

Hakulia. Alimbebea Anifa mkoba hadi barabarani, wakifuata njia ya zamani ya misafara, polepole.

"Kifua bado kinakubana?" alimuuliza mumewe.

"Kimeacha."

"Yustina ameolewa Mtendeni."

"Mume anamtunza?"

"Anamtunza."

Walipoikaribia lami Anifa alikohoa, na sauti yake ikamrudia. "Nisamehe, mama."

"Hujakosa kitu, mwanangu."

Basi la Tabora lilipita kando ya shamba. Xavery alikuwa juu ya ngazi, akichuma plamu na kuzitia kwenye ndoo, nyingine akitafuna. Madirisha yalikuwa wazi, na abiria walimsikia akisema, kwa sauti ya mdogo wake, kwamba shamba ni la Consolatha. Alisema mara mbili, akatema kokwa, akaendelea kuchuma.