Mkono wa Mama Mkubwa

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Agripina aliingia kwa Antipasi, fundi fremu wa mjini Singida, akaweka picha mezani. Ilikuwa ya familia ya mumewe, ya miaka arobaini nyuma, kwenye fremu pana ya rangi ya dhahabu yenye ua la plastiki pembeni. Miaka yote ilitundikwa juu karibu na dari, imeinamishwa kidogo, ili waliomo wawaone wageni wanaoingia.

"Siku hizi hazitundikwi hivyo," alisema Agripina, akamwonyesha simu. "Nataka fremu nyembamba nyeusi, ukingo mweupe mpana, kioo kisichong'aa. Iwe ya mraba, ikae usawa wa macho. Sofa zetu za kijivu."

Antipasi alipima. Mwaka ule mji mzima ulitaka mraba, na watu wa zamani walipiga picha wamejipanga mstari. Hapa walikuwa wanne: baba, mama, mtoto Emilian wa miaka sita, na mwishoni Raheli, dada mkubwa wa mama, mkono wake wa kulia ukiwa kwenye bega la kushoto la mtoto. Mama alifariki mwaka uliofuata. Raheli ndiye aliyemlea Emilian, na hakuolewa.

"Wanne hawaenei," alisema Antipasi. "Labda huyu wa mwisho atoke."

"Mtoe."

"Kiganja chake kitabaki. Nikikifuata, naondoka na sikio la mumeo."

"Kiache. Watu watadhani cha baba yake."

Antipasi alikata.

Saa hiyohiyo, uani kwa Emilian huko Unyambwa, alikokuwa akiishi, Raheli alikuwa anapiga alizeti. Fimbo ilimdondoka. Alitazama, akaona mkono wa kulia umeishia kwenye kifundo, laini kama kitako cha kibuyu. Damu hakuna. Aliokota fimbo kwa kushoto akaendelea, maana kuku walishaanza kudonoa.

Siku fremu ilipotundikwa, Emilian alirudi kutoka kazini jioni akamkuta Raheli uani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Alimpa mkono wa kushoto. "Unisamehe. Wa kulia uko sebuleni kwako."

Emilian aliingia kutazama. Kweli, ulikuwepo, unampigapiga mtoto begani taratibu, kama anayebembeleza.

"Imependeza," alimwambia mkewe. Na ilikuwa imependeza, tusidanganyane.

Jumapili, baada ya ibada, Raheli alivua kandambili mlangoni akaingia sebuleni alipokaa Emilian.

"Baba, nirudishe kwenye picha. Hata nikae nusu. Naona haya kuwasalimia watu kwa kushoto kama niliyekosa malezi."

Antipasi aliitwa. Kile kipande alichokata hakuwa amekitupa.

"Naunganisha," alisema, "na mkono utarudi kwa mwenyewe. Ila mstari utaonekana."

"Mstari gani?" aliuliza Agripina.

"Mwembamba. Kama uzi."

Agripina alimtazama mumewe. Emilian alitazama sofa.

"Tutaangalia baada ya mavuno, mama mkubwa," alisema.

"Haya, baba."

Mavuno yalikuja mara tatu. Kila mwisho wa mwezi Antipasi alikwenda Unyambwa, akafungua fremu na kukata kucha za ule mkono, kwa sababu zilikuwa zinamparua mtoto. Agripina alilalamika kwamba alama za vidole zilikuwa upande wa ndani wa kioo, hazifutiki. Raheli alizoea kusonga ugali kwa kushoto. Watoto wa jirani, ili wasimwaibishe, walimsalimia kwa kushoto nao, na wapo waliochapwa shuleni kwa mazoea hayo.

Raheli alifariki kiangazi, alizeti ikiwa imeshaingia ndani. Msibani ikatakiwa picha ya kubebwa mbele ya jeneza, na Raheli katika maisha yake alipigwa picha moja tu. Antipasi alifika na kile kipande. Alikuwa amekitengenezea fremu kwa mabaki ya ile ya dhahabu, nyembamba kama rula, na ua lake la plastiki.

Agripina aliitazama. "Hii ya kizamani mno, fundi. Watu wametoka mpaka Manyoni."

Basi Emilian akaitungua ile nyeusi ya ukutani akatangulia nayo. Waombolezaji waliuliza marehemu ni yupi, akawaonyesha mkono. Wakaupa heshima zao, mmojammoja.

Jioni aliirudisha kwenye msumari wake, usawa wa macho. Antipasi alikuwa amesimama mlangoni, kipande kwapani.

"Niunganishe sasa?"

Emilian alijisugua bega la kushoto, ambalo tangu asubuhi lilikuwa zito. Alitazama sofa.

"Tungoje arobaini ipite," alisema.

Mkono uliendelea kubembeleza. Mtoto wa kwenye picha alikuwa ameshalala.